Kazi ya Kwanza ni Amana ya Kwanza

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwaruzuku viumbe wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, kila mwaka, mitihani ya kidato cha nne imalizikapo, hutoka katika miji yetu kundi kubwa la vijana wa miaka 17 na 18, wavulana na wasichana, ambao shule wameiacha nyuma na kazi hawajaifikia. Wakati huu una hatari kuliko nyakati nyingi za umri wa mwanadamu. Jana kijana alikuwa na kengele ya kumwita na mwalimu wa kumwuliza alikokuwa. Leo hapana amwulizaye. Asubuhi amelala, alasiri yuko barazani, na usiku hajulikani aliko. Mwezi wa kwanza husema kuwa apumzika. Mwezi wa tatu husema kuwa atafuta kazi. Na mwaka ukizunguka, ile haya ya kukaa bure huwa imekwisha kumtoka usoni, na mlango wa muguka, wa unga na wa marafiki wabaya huwa u wazi mbele yake.

Katika darsa zetu jambo hili limeulizwa mara nyingi, nasi tumesikia kila upande ukiutupia mzigo upande mwingine. Wazee wasema vijana wa leo hawataki kazi. Vijana wasema kazi hazipo, na zilizopo hupewa wenye kujuana. Matajiri wenye maduka wasema kazi wanazo, ila kijana wa mtaani haaminiki. Sisi hatuoni kuwa katika hawa yuko aliye mwongo mtupu. Lakini twaona kila mmoja ameshika kipande cha kweli akakifanya ngao, asije akaulizwa juu ya wajibu wake mwenyewe.

Na ni haki tuanze kwa kusema kuwa uhaba wa kazi ni jambo la kweli, wala si kisingizio cha wavivu. Mji wa Mombasa huishi kwa bandari. Ilipotolewa amri, mwaka 2018, kuwa makontena yachukuliwe kwa reli mpya yapelekwe moja kwa moja bara, maelfu ya watu wa malori, wa maghala, wa gereji na wa mikahawa walipata msukosuko mkubwa, na mwaka 2019 watu waliingia njiani kulalamika. Amri ile iliondolewa mwaka 2022, lakini nyumba iliyokosa chakula kwa miaka minne haiwi kama haikupata kitu. Basi asiyejua hayo asimcheke kijana aliyerudi nyumbani mikono mitupu. Ila uhaba wa kazi haumwondolei mtu wajibu wa kujitengeneza awe wa kufaa kazi, wala haumhalalishii tajiri kumdhulumu yule mmoja aliyempata.

Tukitaka kulitazama jambo hili kwa jicho la dini, hatuna haja ya kwenda mbali. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Suratul Qasas kisa cha mtu aliyetafuta kazi naye hana mali, hana jamaa wala hana mji. Mtu huyo ni Nabii Musa, amani iwe juu yake.

Kisa cha maji ya Madyan

Musa alilelewa katika jumba la Firauni, hakukosa chakula wala nguo. Kisha akatoka Misri mbio kwa kuikhofia roho yake, akafika penye maji ya Madyan. Hapo akakuta kundi la watu wakinywesha wanyama wao, na kando akaona wanawake wawili wamewazuia mifugo wao wasiyasogelee maji. Akawauliza habari yao. Wakamwambia kuwa wao hawawezi kunywesha mpaka wachungaji wale waondoke, na baba yao ni mzee sana. Musa akawanyweshea. Kisha akaenda kivulini, akamwomba Mola wake, akikiri kuwa yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayoteremshiwa.

Hakupita muda, mmoja wa wale wawili akamjia akitembea kwa haya, akamwambia kuwa baba yake amwita amlipe kwa kazi yake. Alipofika kwa mzee, mmoja katika mabinti alimshauri baba yake amwajiri mtu huyu, kwani mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwenye kuaminika. Mzee akamwoza mmoja wa mabinti zake kwa sharti amtumikie miaka 8, na akitimiza 10 basi hiyo ni hisani yake. Na akamwambia kuwa hataki kumtia katika mashaka. Musa akakubali, akamweka Mwenyezi Mungu kuwa shahidi wa maneno yao.

Wengi husema mzee huyo ni Nabii Shuaib, na wako wanavyuoni wasiokubali, kwani Qurani haikumtaja jina. Hilo halitudhuru. Funzo liko katika yale yaliyotajwa, nalo latuhusu sote: kijana, mzazi na tajiri.

Kwa kijana

Jambo la kwanza, ewe kijana, ni kuwa Musa hakuona haya ya kazi. Mtu aliyekulia katika jumba la mfalme alikubali kuchunga kondoo na mbuzi. Hakusema kuwa yeye amezoea makubwa. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alieleza kuwa hapana Nabii ambaye hakuchunga mifugo. Akaulizwa kama yeye pia alichunga, akajibu kuwa alikuwa akiwachungia watu wa Makka kwa ujira wa kirati chache. Tazama vizuri: Mtume hakuona aibu kuitaja kazi yake ya ujanani wala kuutaja ujira wake mdogo, naye wakati huo watu wamemzunguka na Waarabu wamtii. Nabii Daud alikula kwa kazi ya mkono wake. Nabii Zakaria alikuwa seremala. Basi yuko nani baina yetu, mwana wa fulani na mjukuu wa fulani, ambaye nasaba yake yamkataza kubeba magunia Kongowea, au kupaka rangi majahazi Matondoni, au kuosha magari, au kupanga bidhaa dukani Marikiti?

Twajua maradhi yaliyoko. Kijana husema: ningoje kazi ya ofisini, yenye kiti na kiyoyozi. Wahenga wetu walikwisha kumjibu waliposema kuwa kazi mbaya si mchezo mwema. Na Mtume amesema, kwa maana yake, kuwa mtu kuchukua kamba yake akaenda kutafuta kuni, akazibeba mgongoni akaziuza, ni bora kwake kuliko kuomba watu, wampe au wamnyime. Kamba siyo mtaji mkubwa. Hadithi hii yatufunza kuanza na kile kilichoko mkononi.

Jambo la pili ni kuwa Musa alitumika kabla ya kuulizwa. Hakuwanyweshea wale mabinti ili apate kazi. Hakujua kuwa iko kazi. Alimwona mwenye shida akamfaa, na huo wema ndio uliokuwa cheti chake. Leo kijana hulia kuwa kila aendapo huulizwa uzoefu, naye ndiyo kwanza atafuta kazi ya kwanza, basi uzoefu aupate wapi? Malalamiko haya ni ya kweli. Lakini wako vijana watakao uzoefu na huku msikiti wa mtaani kwao wapata shida ya mtu wa kupanga vitabu vya madrasa. Mjomba wao ana duka na hesabu za duka zimevurugika. Jirani yao fundi bomba ahitaji wa kumshikia vifaa. Mwenye kuonekana akifanya kazi huitwa kazini. Aliyelala hapana amwonaye. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na ufuo hautembelewi kitandani.

Wala umri mdogo si kasoro kwa mwenye kufaa. Mtume alimtawaza Usama bin Zaid juu ya jeshi, na humo mlikuwa na masahaba wakubwa, naye wakati huo hajapita miaka 20. Watu wakanong'ona juu ya ujana wake, na Mtume akawakataza, akasema kuwa Usama astahiki. Usama alistahiki kwa sababu alikwisha kulelewa na kujaribiwa. Basi nawe jilee, na jifunze kazi ya mikono.

Jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni amana. Yule binti alitaja sifa mbili: nguvu na kuaminika. Nguvu, nazo ni uwezo na ujuzi, kijana huweza kuzipata kazini. Fundi atamfunza kushika randa, karani mkubwa atamfunza kuandika hati. Lakini uaminifu hapana tajiri awezaye kumfunza kwa siku tatu. Huo kijana huja nao kutoka nyumbani, au huja bila yake.

Na amana katika kazi ya kwanza siyo kuacha kuiba fedha za sanduku tu. Kufika saa mbili ulipoahidi saa mbili ni amana. Kurudisha chenji ya mnunuzi aliyeisahau ni amana. Kutotumia saa za tajiri kwa kuchezea simu ni amana. Kutosema maneno ya ndani ya duka barazani ni amana. Kumwambia fundi kuwa umeharibu kipande cha mbao kabla hajakigundua mwenyewe ni amana, tena ni ile iliyo nzito zaidi. Mtume ametueleza kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na akamtaja mtumishi kuwa ni mchunga wa mali ya bwana wake. Basi kijana wa miaka 17 aliyekabidhiwa funguo za duka la M-Pesa amekuwa mchunga, na swali lake kwa Mola wake limekwisha kuanza.

Na hapa hatuna budi kutaja khiyana mbili zilizoenea katika kutafuta kazi. Ya kwanza ni hongo. Kijana huambiwa kuwa iko nafasi bandarini, au katika kikosi cha serikali, au Ughaibuni katika miji ya Ghuba, ila kwanza atoe kiasi kadhaa. Baba huuza shamba, mama huuza mkufu, na mara nyingi yule mpokeaji hutoweka, na simu yake haipatikani tena. Na lau kazi ingepatikana, ingekuwa imeingiliwa kwa mlango wa laana, kwani Mtume amemlaani mtoaji hongo na mpokeaji wake. Ya pili ni vyeti vya uongo. Mnamo mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa watu zaidi ya 2,000 wamegunduliwa kuingia kazi za umma kwa vyeti vya kughushi. Mtu anayeingia kazini kwa cheti kisicho chake amesema uongo siku ya kwanza, na kila siku aamkapo huurudia uongo ule. Hawezi kulala. Hajui ni asubuhi gani ataitwa.

Kwa mzazi

Enyi baba na mama, tazameni yule binti alivyomsifu Musa kwa baba yake. Hakusema kuwa ni mtu wa kwetu, wala kuwa mama yake ni rafiki yangu. Alisema aliyoyaona kwa macho yake: nguvu penye maji, na haya na uaminifu njiani. Leo sisi twamwombea mwana wetu kazi kwa jina letu. Twamwendea rafiki yetu mwenye duka, twamwambia: mchukue huyu mwanangu, usiniangushe. Naye kwa haya hukubali. Mwana huja saa nne, huondoka saa nane, na tajiri hawezi kusema neno kwa kumstahi baba. Mwisho wake tajiri yule huapa kuwa hamchukui tena kijana wa mtaani, na mlango hufungwa juu ya watoto wa masikini wasio na wa kuwaombea. Kumwombea mwanao ni jambo jema, na huo ni ushahidi. Basi ushuhudie lile ulijualo. Ukijua kuwa mwanao ni mvivu, mtengeneze kwanza nyumbani, usimuuzie mwenzio kitu chenye kasoro na huku umeificha.

Na mtengenezo huo huanza mapema. Mtoto asiyejua kutandika kitanda chake, ambaye sahani huondolewa mbele yake na dada yake, na ambaye hapana siku aliyotumwa sokoni akaulizwa hesabu, hataweza kugeuka mtu wa kazi kwa sababu tu ametimiza miaka 18 na kupata kitambulisho.

Pia twawakumbusha wazazi wasimtoe mtoto shuleni kwa tamaa ya shilingi mia chache. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 imekataza kabisa kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13. Wa miaka 13 hadi 16 haruhusiwi ila kazi nyepesi isiyomdhuru wala isiyomzuia masomo. Na wa miaka 16 na 17 aweza kuajiriwa, lakini si katika kazi za hatari. Maneno haya hayapingani na dini yetu, bali yaafikiana nayo, kwani kumdhuru mtoto ni haramu kabla ya kuandikwa sheria. Na likizo ya shule yatosha kumwonjesha mtoto ladha ya kazi bila kumkatia elimu.

Tena msidharau elimu ya ufundi. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hata alipofariki mwaka 1947, aliwahimiza sana watu wa pwani, katika gazeti lake la Al-Islah alilolianzisha mwaka 1932, waamke katika usingizi wao na washike elimu. Katika miaka ile ile ya 1940 Waislamu walichanga fedha ili kiwepo Mombasa chuo cha kufunza vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki kazi za ufundi. Sultani wa Unguja, Sayyid Khalifa bin Harub, alitoa, Aga Khan alitoa, Mabohora walitoa. Chuo hicho ndicho ambacho mwaka 1972 kiliitwa Mombasa Polytechnic, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wazee wetu walijua kuwa ufundi ni heshima, wakaujengea nyumba. Itakuwa ajabu kubwa ikiwa wajukuu wao watapita mbele ya mlango ule na kusema kuwa kushika spana ni kazi ya watu duni.

Na mabinti zetu je? Kisa cha Madyan kimetuonyesha mabinti wawili wa mtu mwema waliotoka kufanya kazi kwa sababu baba yao ni mzee. Hawakulaumiwa kwa kutoka. Walisifika kwa haya na kwa akili, na ushauri wao wa kazi ulifuatwa. Basi binti wa leo aliyemaliza masomo, naye nyumba yao yahitaji msaada, asifungiwe mlango wa kazi ya halali inayomhifadhi heshima yake: kushona, kufunza madrasa, kuuza dawa, kuuguza wagonjwa, kuandika hesabu. Yapasa wazazi waijue kazi yenyewe, wamjue tajiri, wajue saa za kutoka na njia ya kurudia. Na tajiri amwitaye binti wa watu chumba cha nyuma peke yake, na ajue kuwa wa tatu wao ni shetani, kama tulivyofunzwa, na kuwa sheria ya nchi nayo yamtazama.

Kwa tajiri

Sasa twawageukia nyinyi wenye maduka, magari, mashua, mikahawa na karakana. Huenda mkapendezwa na yote tuliyoyasema juu ya vijana. Basi yasikieni na haya.

Yule mzee wa Madyan alimwita Musa ili amlipe, kabla Musa hajadai. Kisha akamweleza sharti lake wazi: kazi ni hii, muda ni huu, na ziada ni hiari yako. Tena akaahidi kutomtia mashakani, na alikuwa na kila nafasi ya kumtia mashakani, kwani Musa alikuwa mkimbizi asiye na mtetezi. Hapa ndipo imani ya tajiri ipimwapo. Mfanyakazi mwenye nguvu za kudai hatudhulumiwi naye wala hatumdhulumu kwa wepesi. Anayedhulumiwa ni kijana wa kazi ya kwanza, asiyejua kima, asiyejua sheria, na mwenye kuona haya kutaja fedha.

Ukatazame mtindo ulioenea mijini mwetu. Kijana huambiwa: njoo, utajifunza kwanza, mambo ya mshahara tutazungumza. Mwezi hupita, miezi mitatu hupita, yeye hufungua duka na kulifunga, hubeba, hufagia, huuza, na kila atajapo ujira huambiwa kuwa bado yuwajifunza. Baada ya miezi sita huambiwa kuwa biashara ni mbaya, na wa pili huletwa mahali pake kwa maneno yale yale. Ndugu zetu, hiyo si kufunza. Ni kula jasho la yatima wa kazi. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mwenyezi Mungu amewataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akastarehe na kazi yake yote, kisha asimpe ujira wake. Yuko nani miongoni mwenu awezaye kusimama siku ile na hasimu wake ni Mola wake?

Tukiagizwa tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, basi tajiri amlipaye kijana tarehe 20 ujira wa mwezi uliopita na ajihesabu. Ikiwa ni mafunzo, yaandikwe kuwa ni mafunzo: miezi mingapi, ufundi gani, na nauli na chakula ni juu ya nani. Ikiwa ni kazi, na itajwe kima kabla ya kushika ufagio. Sheria tuliyoitaja yataka kazi ya miezi mitatu au zaidi iandikiwe mkataba, na yampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Nasi Waislamu tulikwisha kuamriwa kuandika madeni yetu katika aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani. Basi mtu aogope nini kuandika ujira? Na wakati wa sala, na hasa wa Ijumaa, utajwe siku ile ile ya kwanza, ili kijana asikae akichagua baina ya imamu na tajiri.

Na mfano mwema kuliko yote ni ule wa Anas bin Malik. Alikuwa mtoto wa miaka 10 hivi alipopelekwa kumtumikia Mtume Madina, akamtumikia miaka 10. Naye Anas ametuhadithia, alipokuwa mtu mzima, kuwa katika miaka yote ile Mtume hakumwambia hata neno la kuguna, wala hakumwuliza kwa nini umefanya hili au kwa nini hukufanya lile. Miaka 10, na mtoto, na makosa ya kitoto! Wangapi katika sisi hawawezi kumvumilia kijana siku 10 bila ya kumtukania mama yake mbele ya wanunuzi? Na angalieni matunda yake: yule mtumishi mdogo alikuwa mmoja katika masahaba waliotupokelea hadithi nyingi. Huduma yake ilikuwa chuo chake. Tajiri mwema hutoa watu. Na watu ni sadaka iendeleayo baada yake.

Na nyinyi mnaosema kuwa kijana wa mtaani haaminiki, twawauliza: mmewajaribu wangapi, na mliwalipa nini? Ujira usiotosha nauli humfunza kijana kuiba, ingawa haumhalalishii wizi. Mlipeni haki, mwonyesheni kazi, mwulizeni hesabu kila jioni, kisha hukumuni.

Hatima ya maneno

Alipohamia Madina, Abdurrahman bin Auf hakuwa na kitu. Ndugu yake aliyeungwa naye, Saad bin Rabii, alimtaka agawane naye mali yake nusu kwa nusu. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akamtaka amwonyeshe soko lilipo. Akaenda, akauza na kununua, akarudi na jibini na samli. Huko ndiko alikoanza mmoja wa matajiri wakubwa wa masahaba. Tazameni kuwa katika kisa hiki wako watu wawili wema: aliye tayari kutoa, na asiyetaka kupewa. Jamii yenye mmoja tu kati yao huchechemea, na jamii isiyo na hata mmoja huanguka.

Basi kijana na aamke alfajiri, asali, atoke. Asiangalie udogo wa kazi, aangalie uhalali wake, na aipe haki yake kama kwamba ni kubwa. Imepokewa kwa Ibn Abbas kuwa Musa alitimiza ule muda mrefu zaidi katika miwili; alitoa zaidi ya aliyolazimishwa. Kisha, alipokwisha kumaliza muda ule na kusafiri na ahali zake, ndipo alipouona moto kando ya mlima, akaitwa na Mola wake. Aliyeaminika kwa kondoo wa mtu miaka yote ile, ndiye aliyeaminiwa kuwaongoza Bani Israili.

Mzazi na ashuhudie ukweli juu ya mwanawe. Tajiri na ataje kima na alipe. Na msikiti usikae kimya: maimamu wetu wanawajua matajiri na wanawajua vijana, na ni wepesi kwao kuwakutanisha baada ya sala ya Ijumaa kuliko kulia juu ya minbari kuwa vijana wamepotea.

Ewe Mola wetu, turuzuku riziki ya halali, iliyo safi na yenye baraka. Wafungulie vijana wetu milango ya kheri, uwaepushe na milango ya shari. Utujaalie tuwe wenye kuzitunza amana zetu, ndogo na kubwa, na usitufanye katika wale ambao Wewe utakuwa hasimu wao. Amin.

Wabillahi tawfiq.